Maktaba ya Mji na Vitabu Visivyo Vyake

Kila mwaka halmashauri za miji mingi duniani hupokea ripoti ya maktaba, na siku hizi ripoti hizo zinafanana kana kwamba zimeandikwa na mtu mmoja. Uazimaji wa vitabu vya karatasi umeshuka, uazimaji wa vitabu pepe kupitia simu umepanda. Baada ya hapo mjumbe wa kamati ya fedha huuliza swali linalosikika kuwa la busara: ikiwa watu wanaazima wakiwa nyumbani kwao, kwa nini tuendelee kulipia jengo, umeme, walinzi na wakutubi? Magazeti huidaka hoja hiyo na kuipamba. Watetezi wa maktaba nao hujibu kwa kumbukumbu za utotoni, harufu ya karatasi na utulivu wa chumba cha kusomea. Mjadala huishia hapo, upande mmoja umeshika hesabu na mwingine umeshika hisia, na katika kikao cha bajeti mshindi anajulikana.

Mimi naona pande zote mbili zimeisoma ripoti vibaya. Watu hawajaacha kuazima, na simu haijaiua maktaba. Jambo kubwa lililotokea halimo kabisa kwenye jedwali: mwenye mali amebadilika. Kitabu cha karatasi, maktaba ikishakinunua, ni mali ya mji. Kitabu pepe, kwa sehemu kubwa, maktaba hukikodi kwa muda, kwa masharti yaliyoandikwa na mchapishaji, na muda ukiisha kinaondoka. Kwa hiyo ule mstari unaopanda, unaoshangiliwa kama dalili kwamba maktaba inakwenda na wakati, ndio unaopaswa kututia wasiwasi. Kila unapopanda bila sheria na mikataba kubadilika, mji unazidi kulipa huku mali yake ikizidi kupungua.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke maktaba ya mji ilitoka wapi. Vyumba vya vitabu vilivyokuwa wazi kwa wasomaji vilikuwepo zamani sana. Maktaba ya Malatestiana katika mji wa Cesena, Italia, ilifunguliwa mwaka 1454 ikiwa chini ya uangalizi wa mji wenyewe, na vitabu vyake vilifungwa kwa minyororo kwenye madawati ili visitembee. Lakini maktaba tunayoijua leo, inayoendeshwa kwa kodi na kumwazimisha mkazi yeyote bila malipo, ni mtoto wa karne ya 19. Mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, huko Marekani, ulianza kulipia maktaba yake kwa fedha za kodi mwaka 1833. Uingereza ilipitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, na sheria hiyo ilikuwa na kituko kinachostahili kukumbukwa. Iliruhusu miji yenye watu zaidi ya 10,000, ikiwa theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura wangekubali, kutoza nusu peni katika kila pauni ili kujenga maktaba, kununua samani na kulipa mishahara. Kununua vitabu hakukuruhusiwa! Wabunge walitegemea kwamba wafadhili wangevileta. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, alipinga hata hicho kidogo, akaliambia Bunge kwamba yeye binafsi hapendi kusoma kabisa. Manchester ilifungua maktaba yake mwaka 1852 chini ya sheria hiyo, na ilichukua hadi 1855 ndipo sheria iliporekebishwa, tozo ikafika peni moja na miji ikapata ruhusa ya kununua vitabu kwa fedha yake yenyewe.

Marekebisho hayo ya 1855 hayatajwi sana, lakini kwangu mimi ndiyo siku ya kuzaliwa ya maktaba ya mji. Kabla yake mji ulikuwa na chumba na meza, na vitabu vilitegemea hisani ya mtu. Baada yake mji ukawa mnunuzi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alilielewa hilo vizuri kuliko wanasiasa wengi. Fedha zake zilijenga maktaba 2,509 kati ya 1883 na 1929, nyingi zikiwa Marekani, nyingine Uingereza, Ireland, Kanada na kwingineko. Watu humkumbuka kama mgawaji, na kusahau sharti lake: mji utoe kiwanja, kisha kila mwaka utenge asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuendesha maktaba. Alitoa kuta. Vilivyowekwa ndani vilipaswa kulipiwa na wenye mji, kila mwaka, bila kukoma.

Chini ya mpango wote huo kulikuwa na kanuni moja ya kisheria ambayo karibu hakuna msomaji anayeifikiria: aliyenunua nakala halali ya kitabu anaweza kuiuza, kuigawa au kuiazimisha bila kurudi kwa mchapishaji kuomba ruhusa. Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Nchini Marekani kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ilichapisha ndani ya kitabu onyo kwamba kukiuza chini ya dola moja ni kuvunja hakimiliki. Wenye duka la Macy's wakakiuza kwa senti 89. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1908 mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya nakala ile yamekwisha. Mahakama ilikuwa ikizungumzia bei za dukani, lakini matunda yake yakawa ya kila maktaba, kwa sababu kazi nzima ya dawati la kuazimia imesimama juu ya haki hiyo.

Umiliki ulikuwa na faida nyingine ambayo haihusu fedha. Neno "umma" kwenye ubao wa mlangoni halikuwa kweli kila mahali. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani watu weusi walifukuzwa kwenye maktaba walizozilipia kodi. Mwezi Agosti 1939, katika mji wa Alexandria, Virginia, vijana watano weusi waliingia maktaba ya mji mmoja mmoja, wakaomba kadi, wakakataliwa, kila mmoja akachukua kitabu rafuni na kuketi kusoma mpaka polisi walipofika. Nguvu ya kitendo kile ilikuwa katika madai yasiyohitaji maelezo marefu: hii ni mali ya mji, na sisi ni wa mji. Madai ya aina hiyo hayana pa kushika pale ambapo mali yenyewe haipo, na kilichopo ni mkataba kati ya maktaba na kampuni ambao mara nyingi hata wajumbe wa halmashauri hawajausoma.

Sasa tuutazame mkataba wenyewe. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins iliziambia maktaba kwamba kila kitabu pepe kitaazimwa mara 26, kisha kitafutika na italazimu kukilipia upya. Wakutubi walighadhibika, wengine wakasusia. Wachapishaji wengine wakubwa wakaegemea zaidi kwenye leseni za muda, hasa za miaka miwili. Mwaka 2019 Macmillan ilikwenda mbali zaidi: kwa wiki nane za mwanzo baada ya kitabu kutoka, mfumo mzima wa maktaba, hata kama ni wa jiji lenye mamilioni ya watu, ungeuziwa nakala pepe moja tu. Mpango huo uliachwa mwezi Machi 2020 baada ya ususiaji mkubwa. Kuhusu bei, leseni moja ya maktaba kwa kitabu kinachovuma huwa mara kadhaa ya kile anacholipa msomaji anayejinunulia. Halafu juu ya yote, kitabu pepe cha maktaba kwa kawaida husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wengine wanapanga foleni, kama vile ni cha karatasi. Yaani maktaba imebaki na usumbufu wote wa karatasi bila haki yake hata moja. Haiwezi kukiazimisha kwa maktaba ya mji jirani. Haiwezi kukiuza kwenye mnada wa vitabu chakavu. Haiwezi kukitunza kwa ajili ya mwanahistoria atakayekuja baada ya miaka hamsini. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na hapa tuna taasisi ambayo kazi yake ni kuazimisha, nayo imevaa ya kuazima.

Anayedhani muda wa leseni ni suala dogo la kiofisi afungue kitabu chochote cha zamani kwenye maktaba inayotumia bado karatasi ya tarehe, ile iliyobandikwa ndani ya jalada na kugongwa mihuri. Mihuri hiyo ina mambo yake. Utaona kitabu cha mimea ya dawa, au cha ufundi wa visima, kiliazimwa mara tatu mfululizo, wino wa buluu, wa zambarau, wa buluu tena. Kisha miaka minane hakuna aliyekigusa. Kisha ghafla mihuri mitano ndani ya mwaka mmoja, pengine kwa sababu mvua ziligoma au mwalimu mpya alihamia mjini. Mkutubi mzuri anajua rafu zake zina vitabu vya namna hiyo, na anajua kwamba kukaa kwake kimya hakumaanishi kimekufa. Mkononi mwa mwenye mali, kitabu hicho kinasubiri bila kudai chochote zaidi ya sentimita mbili za rafu. Chini ya leseni ya miaka miwili kingekuwa kimeondolewa kabla mwaka wa tatu haujaanza, kwa kuwa hakuna mkutubi mwenye bajeti finyu atakayelipia upya kitu ambacho hakikuazimwa. Mfumo wa kukodi, kwa asili yake, unapendelea kinachovuma sasa hivi. Maktaba ya aina hiyo itakuwa imejaa vitabu vinavyopatikana kila duka na tupu kwa vile ambavyo mtu angevipata kwake tu.

Hata hivyo vitabu pepe vina watetezi wenye hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Mtu mwenye uoni hafifu anaweza kukuza herufi mpaka zimtoshe, au kusomewa kwa sauti, bila kusubiri toleo maalumu ambalo huenda lisije kamwe. Upungufu huo wa matoleo ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzaa Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika muundo unaosomeka kwa wasioona na kuvushwa mipaka ya nchi. Mgonjwa aliyelazwa, mama mwenye mtoto mchanga, mfanyakazi wa zamu ya usiku, mkazi wa kijiji kilicho mbali na tawi lolote, wote hao maktaba ya karatasi iliwahudumia kwa shida au haikuwahudumia kabisa. Mwaka 2020, majengo yalipofungwa kwa sababu ya korona, vitabu pepe ndivyo vilivyoziweka maktaba nyingi hai. Mtu anayeupuuza ukweli huu kwa jina la harufu ya karatasi hawatendei haki wasomaji hao, na mimi simo katika kundi lake.

Wachapishaji nao wana la kusema. Kitabu cha karatasi huchakaa, hupotea, huloweshwa na mvua, na mtu akikitaka analazimika kutoka nyumbani, kukifuata na kukirudisha. Usumbufu huo ulikuwa kinga ya soko: mwenye uwezo aliona heri anunue. Kitabu pepe hakichakai, na kukiazima ni kugusa kioo mara mbili. Ikiwa maktaba itakinunua mara moja na kukiazimisha milele, mwandishi ataishi kwa nini? Hii ni hoja halisi. Lakini tazama ilivyo: ni hoja ya kumlipa mwandishi, na njia ya kumlipa mwandishi bila kuinyang'anya maktaba umiliki imekwishajulikana kwa miongo kadhaa. Denmark iliweka malipo ya waandishi kwa vitabu vyao vinavyoazimwa maktabani tangu mwaka 1946. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1979, na baadaye malipo hayo yakapanuliwa yafike kwenye vitabu pepe. Fedha hutoka serikalini, mwandishi hupata chake, na maktaba hubaki na kitabu. Kuhusu kutochakaa, kanuni ya nakala moja kwa msomaji mmoja inatosha kurudisha sehemu kubwa ya kinga iliyopotea. Ndiyo kanuni ambayo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitegemea Novemba 2016 katika kesi iliyotoka Uholanzi, iliposema kuwa kuazimisha kitabu pepe kwa mtindo huo kunaweza kuhesabiwa sawa na kuazimisha cha karatasi.

Uamuzi huo wa Ulaya haukumaliza ugomvi, na kwingineko mambo yamekwenda kinyume. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuwataka wachapishaji waziuzie maktaba leseni za vitabu pepe kwa masharti ya haki. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikaibatilisha kwa kuwa inagongana na sheria ya hakimiliki ya taifa. Internet Archive, iliyokuwa ikiskani vitabu vya karatasi na kuviazimisha kidijitali, ilishindwa mahakamani mwaka 2023 na rufaa yake ikatupwa mwaka 2024. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na hukumu hizo. Mimi nafikiri Internet Archive ilijiponza yenyewe ilipoondoa kwa muda, wakati wa korona, ukomo wa nakala zinazoazimwa kwa wakati mmoja. Lakini kesi zote hizi zinaonyesha kitu ambacho wajumbe wa kamati za fedha hawakisikii: kinachoamua kama mji utakuwa na maktaba katika enzi ya simu ni sheria na mikataba. Teknolojia yenyewe haina kauli. Faili inaweza kumilikiwa kama kitabu, ikitakiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kila kitu kiko kwenye intaneti bure, maktaba ya nini? Anayesema hivyo ajaribu kutafuta humo, kwa njia halali, kitabu kamili cha kiada kilichotoka miaka kumi iliyopita, au riwaya ya mwandishi aliye hai, au gazeti la mji wake la mwaka aliozaliwa. Atakutana na kurasa tatu za mwanzo na kitufe cha kulipia. Kilicho bure kwa wingi ni vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, yaani vya zamani sana, na maandishi ambayo mtu mwingine amelipia ili yamfikie msomaji, kwa kawaida muuza matangazo. Zaidi ya hapo, kilichopo leo mtandaoni hakina anayewajibika kukiweka hapo kesho. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu pepe, vya wateja wake na kufuta vitabu walivyokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, vitabu vya wateja vikazimika na wateja wakarudishiwa fedha. Fedha zilirudi, vitabu havikurudi. Sasa ikiwa aliyelipa mfukoni mwake ametendewa hivyo, mji unaokodi kwa niaba ya maelfu una ulinzi gani?

Ripoti ya mwaka ina upofu mwingine, nitaupitia haraka. Inahesabu vinavyotoka mlangoni na haihesabu vinavyotumika ndani. Mwanafunzi anayesoma saa nne mezani bila kuazima kitu hayumo. Mzee anayekuja kusoma magazeti hayumo, wala anayejaza fomu ya kazi kwenye kompyuta ya maktaba kwa sababu hana nyingine, wala watoto wanaokaa chini kusomewa hadithi. Helsinki, ilipofungua maktaba yake ya Oodi mwezi Desemba 2018, iliweka humo studio za muziki, cherehani na mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, kwa kuelewa kwamba jengo nalo ni huduma. Ila nisingependa mjadala uhamie huko, kwa sababu kuna hatari ya kuligeuza jengo kuwa ukumbi mzuri wenye kila kitu isipokuwa vitabu, tukarudi kwenye sheria ya 1850.

Twende kwenye bajeti, maana huko ndiko uamuzi hufanyika. Chukua mfano wa maktaba yenye vitabu pepe 4,000, vyote kwa leseni ya miaka miwili. Kila mwaka inabidi ilipie upya 2,000 ili tu ibaki pale ilipo, bila kuongeza hata kimoja. Sasa mwaka mmoja mapato ya mji yakishuka, kama yanavyoshuka, na halmashauri ikafuta bajeti ya vitabu kwa mwaka mzima, nusu ya mkusanyiko imekwenda. Miaka miwili mfululizo ya namna hiyo, hakuna kitu. Maktaba ya karatasi iliyopata miaka miwili mibaya ina vitabu vya zamani na majalada yaliyochanika, lakini mtoto akiingia anakuta rafu zimejaa. Maktaba nyingi zimevuka vita na misukosuko ya uchumi kwa ustahimilivu huo huo: kilichonunuliwa miaka ya neema kilihudumia miaka ya njaa. Mjumbe anayependekeza tawi lifungwe na fedha zihamishiwe kwenye leseni anadhani anapunguza gharama za kudumu. Anachofanya ni kubadilisha mali kuwa ankara, tena ankara ambayo bei yake inapangwa na mwingine.

Haya yote hayamaanishi maktaba ziache vitabu pepe. Wasomaji wenye uoni hafifu na wa zamu za usiku hawatusamehe, na watakuwa na haki. Yanamaanisha kwamba kila shilingi ya kukodi ijulikane kuwa ya kukodi. Ripoti ya mwaka inaweza kuanza na safu mbili ambazo leo hazimo: vitabu ambavyo mji unavimiliki, na vile vitakavyoondoka mikataba ikiisha, pamoja na tarehe zake. Kazi za waandishi wa mji wenyewe, magazeti yake, picha na kumbukumbu za halmashauri, hizo zinunuliwe au kuombwa kama faili zenye umiliki kamili, na wachapishaji wengi wadogo hukubali wakiombwa, kwa kuwa wao hawana soko kubwa la kulilinda. Kwa wachapishaji wakubwa, mji mmoja hauna ubavu. Miji ikijadiliana pamoja inaweza kupata leseni za kudumu au angalau za idadi ya maazimo badala ya muda, ambazo kitabu kinachosubiri msomaji wake wa mwaka wa tisa kinaweza kuzivumilia. Gharama ya kushikilia msimamo huo itakuja haraka na itaangukia dawati la mbele: kitabu kinachovuma kitachelewa kufika kwenye simu za watu, foleni itarefuka, malalamiko yatafika kwa mjumbe kabla hayajafika kwa mchapishaji, na mkutubi atahitaji barua ya halmashauri mkononi inayosema wazi kwamba kuchelewa huko ni uamuzi wa mji na wala si uzembe wake.